Pepper, Mbwa wa Kusikia, Katika Nyumba ya Waswahili

Mtu akipoteza masikio ukubwani, wa kwanza kuchoka ni watu wa nyumbani kwake. Mimi mwenyewe nilikuwa na shughuli: kwanza ugonjwa, kisha miadi ya hospitali, kisha hasira, ambayo nayo ni kazi ya kutwa. Mume wangu na watoto ndio waliopewa kazi isiyo na likizo. Mlango ukigongwa, mtu ainuke. Shule ikipiga simu, mtu apokee. Saa ya jiko ikilia, mtu apige mbio. Binti yangu mkubwa alikuwa bado wa shule ya msingi, na haikupita muda akawa ndiye anayesema na fundi wa gesi, na karani wa kliniki, na benki. Benki wakitaka kusikia sauti ya mwenye akaunti, anakohoa kidogo, anaishusha sauti, anawaambia ndiyo mimi.

Nimezaliwa Mji wa Kale, Mombasa, nikaolewa nikaja Uingereza, na makazi yetu ni Milton Keynes. Kilichonipata ni homa ya uti wa mgongo. Nilipozinduka wodini nilimwona muuguzi anachezesha midomo na televisheni inaonyesha habari, nikadhani wameizima sauti ili tulale. Ugonjwa huo ukishapita kwenye sikio la ndani, ile sehemu yenye umbo la konokono huweza kuanza kujaa mfupa, ndiyo maana madaktari hukimbilia kupandikiza kifaa cha kusikia kabla njia haijaziba. Kwangu upande wa kushoto ulikuwa umeshaziba. Wa kulia waliuwahi, na nashukuru, ila kifaa kinanipa kelele kuliko maneno. Najua kuna mtu anasema. Anasema nini, mpaka nimtazame midomo. Na hiyo midomo nayo ina mipaka yake. Baba, mama na papa, ukiwatazama mdomoni, wote wako sawa. Jaribuni mbele ya kioo.

Usiku sehemu ya nje ya kifaa hicho huvuliwa ikawekwa kwenye chaji. Kuanzia hapo hadi alfajiri, hata paa liporomoke mimi sina habari.

Walio katika maisha haya wanajua maneno yanayouma kuliko matusi: "Hakuna kitu, nitakwambia baadaye." Watu wanacheka mezani, nauliza kumesemwa nini, naambiwa baadaye. Hiyo baadaye haifiki, na ikifika inafika imekatwa kichwa na miguu: "Shangazi amesema jambo kuhusu samaki." Jambo gani, na samaki gani, na mbona mjomba alitoka machozi kwa kicheko? Basi tena. Sikuwa na haki ya kukasirika sana, maana kumrudia mtu kila neno mara mbili kunachosha, na mtoto hakuzaliwa awe mkalimani wa mamake. Nilijifunza kucheka wenzangu wakicheka, nusu nukta nyuma yao.

Vifaa tulikuwa navyo. Taa inayomweka mlango ukigongwa, king'ora cha moshi chenye taa kali, kitetemeshi cha chini ya mto. Vinafanya kazi, sivisemi vibaya, na wapo viziwi wengi ambao hawahitaji zaidi ya hivyo. Lakini taa inamweka sebuleni nami niko nyuma naanika nguo. Kitetemeshi hakisemi kama ni saa ya kuamka au ni moto. Na betri huisha bila kumwambia mtu.

Aliyelitaja neno mbwa mwanzo ni mtaalamu wa masikio pale kliniki. Nilicheka. Nikamweleza kwa adabu kwamba sisi ni Waislamu wa pwani, mbwa kwetu haingii ndani. Akanipa kijitabu hata hivyo, kikakaa kwenye droo ya bili.

Najua baadhi ya wasomaji wataishia hapa, kwa hiyo acheni nitangulize la dini kabla ya la mafunzo. Sisi ni Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, na kwa Mashafi mate na unyevu wa mbwa ni najisi nzito: kuosha mara saba, moja kwa udongo. Hilo tulifundishwa chuoni tukiwa hatujajua kusoma saa. Yaliyonipita ni yale mengine yaliyomo kwenye vitabu hivyohivyo. Kwamba kikavu kwa kikavu hakihamishi najisi. Kwamba mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa ulinzi waliruhusiwa tangu hapo, na Suratul Maida, aya ya 4, inawataja wanyama wa kuwinda waliofundishwa. Kwamba Wamaliki, madhehebu nyingine ya Kiislamu, hawauhesabu mwili wa mbwa kuwa najisi. Kwamba yule mbwa wa watu wa pangoni katika Suratul Kahf amelala pale kizingitini, miguu kainyosha, anahesabiwa pamoja na mabwana zake.

Aliyeyatafuta yote hayo ni mume wangu. Alikuwa anatafuta hoja ya kukataa, na kwa kuwa ni mtu wa haki, kila alichokipata alikuja kunionyesha, hata kilichomharibia. Akakuta pia kwamba mwaka 2008, hapo Leicester, msikiti mmoja ulimkubalia kijana asiyeona kuja na mbwa wake wa kumwongoza, baada ya baraza moja la sheria za Kiislamu nchini humu kutoa fatwa. Mbwa akatengewa pahali pake pa kupumzikia. Tukamwendea imamu wetu. Hakutoa fatwa yoyote, aliuliza swali. Moto ukiwaka, na mumeo yuko zamu ya usiku ghalani, nani anakuamsha? Nikamtazama binti yangu, maana ndiye aliyekuwa akinitafsiria swali lenyewe. Imamu akasema basi kapangeni nyumba yenu vizuri.

Kupanga nyumba ndiko kulikochukua akili. Chumba kidogo cha juu kikawa cha sala, mlango unafungwa, mbwa hana ruhusa. Madera ya kushindia mbali, nguo za kusalia mbali. Bakuli lake, maji yake na sponji yake havikutani na vyombo vyetu. Taulo lipo nyuma ya mlango kwa siku ya mvua, na huku siku ya mvua si habari.

Shirika tuliloliendea linaitwa Hearing Dogs for Deaf People. Mbwa wa aina hii walianza kufundishwa Marekani katika miaka ya 1970, na hapa Uingereza kazi ikaanza 1982, kwa juhudi za daktari wa mifugo Bruce Fogle na bibi mmoja aliyeitwa Beatrice Wright. Kituo chao kiko Saunderton, Buckinghamshire, si mbali na kwetu, na kingine kiko Yorkshire. Miaka ya mwanzo wengi wa mbwa wao walikuwa wa kuokotwa, mbwa koko kabisa. Jambo hilo lilinifurahisha nilipolisoma, maana koko nawajua tangu utoto, na sikuwahi kufikiri kwamba yule anayefukuzwa na mawe kila uchochoro angeweza kufundishwa kazi ya ofisini. Siku hizi wengi huzalishwa kwa ajili hiyo: Labrador, Cocker Spaniel, poodle. Mtoto wa mbwa hulelewa mwaka na zaidi kwenye nyumba ya mtu wa kujitolea, anafundishwa adabu za dukani, za treni, za kukaa chini ya meza bila kuomba chakula. Kazi ya sauti hufuata. Mwenye kuhitaji halipi bei ya mbwa. Pesa zinatoka kwenye michango, na kwenye wasia za watu waliokwisha kufa. Mume wangu, aliyekuwa bado hajakubali, aliposikia habari ya wasia alinyamaza kwa muda, kisha akasema hiyo ni sadaka inayoendelea.

Kulikuwa na fomu, kipimo cha masikio, na watu waliokuja kuikagua nyumba. Kisha kusubiri. Hii si foleni ya kwanza aje kwanza. Wanatafuta mbwa anayekufaa wewe, na kufaana kunachelewa. Niliwaeleza habari ya unyevu. Sikutegemea waielewe. Mkufunzi aliandika, akainua kichwa, akaniuliza swali la kikazi tu: mguu mkavu una tatizo? Kumbe mbwa wakubwa hufundishwa kukugusa kwa pua, na pua ya mbwa ni mbichi kila siku ya Mungu, lakini wadogo wengi hufundishwa kukuwekea miguu ya mbele gotini. Basi tukatafutiwa mdogo. Poodle mweusi, asiyepukutisha manyoya, mwenye kugusa kwa mguu. Jina alikuja nalo, Pepper.

Kazi yake ni hii. Kengele ya mlango inalia, Pepper yuko chini ya meza. Masikio yanainuka mwanzo, halafu kichwa, halafu anatoka mbio, miguu miwili juu ya goti langu, anakwaruza mara mbili. Mimi nafungua viganja, nanyoosha mikono pembeni: nini? Hiyo ni ishara tuliyofundishwa sote wawili. Anageuka, ananitangulia hadi mlangoni, anaketi, anautazama mlango kisha ananitazama mimi, na hatoki pale mpaka alipwe. Malipo ni tonge la chakula chake, liko mfukoni mwa dera. Saa ya jiko ikilia ananipeleka jikoni. Watoto wakinitaka hawapandi ngazi tena. Wanamwambia Pepper "kamwite mama," naye anakuja kunikwaruza na kuniongoza hadi kwa aliyemtuma. Alikuja na Kiingereza chake, lakini "kamwite mama" aliijua ndani ya siku chache. Penye malipo lugha hazisumbui.

King'ora cha moshi kina utaratibu tofauti. Ananigusa, namuuliza nini, naye haniongozi popote. Analala chini palepale, tumbo sakafuni. Mtu hapelekwi penye moto. Akilala hivyo ujue ni hatari, toka nje.

Sasa nambieni namna ya kuishi na mpango huo katika nyumba inayokaanga. King'ora chetu kiko koridoni, hatua chache kutoka jikoni. Ramadhani ikiingia na karai likipanda motoni, sambusa, bajia, kaimati, ule moshi wa mafuta hauna pa kwenda kwa kuwa nje ni baridi na madirisha yamefungwa. Pepper anakuja. Mguu gotini. Nini? Pwa, chini. Nafungua dirisha, nampa haki yake, narudi kwenye karai. Muda si muda yuko gotini tena, na macho yale mazito ya mtu anayekuokoa. Na kutompa huwezi. Mkufunzi alisisitiza: kazi ikifanyika ilipwe, usije ukamzoesha kwamba king'ora ni jambo la kupuuza, kwa sababu siku ya moto wa kweli ndiyo utakayolipa wewe. Kwa hiyo mwezi ambao sisi sote tunapungua, yeye ananenepa. Daktari wake wa mifugo hunitazama kwa mashaka kila akimpima baada ya Idi.

Ramadhani hiyohiyo ndiyo iliyonionyesha kilichokuwa kimebadilika nyumbani. Zamani, mume wangu akiwa zamu, binti yangu ndiye aliyekuwa akijiamsha mwenyewe usiku wa manane, mtoto wa shule, aje anitikise nipike daku. Mwaka aliokuja Pepper, saa yangu ililia kwenye meza, naye kutoka kwenye zulia lake akaja kukwaruza ukingo wa godoro hadi nikashusha mguu chini. Nikapika. Nikaenda kugonga milango ya watoto. Binti yangu hakuamka mpaka nikamvuta shuka, akanitazama bila kuelewa, maana hakuwa na kumbukumbu ya kuamshwa na mimi.

Nilikuwa nimedhani ninaletewa mnyama wa kunisikilizia. Niliyoyapata hayakuwa kwenye kijitabu. Kwa miaka yote ile binti yangu alikuwa akilala na kukaa na mlango wa chumba chake wazi, na sikuwahi kumuuliza kwa nini. Niliuona tu uko wazi. Haukupita mwezi wa kuja Pepper akaanza kuufunga. Akaanza kupiga muziki kwa sauti, naambiwa, mpaka jirani akaja kulalamika, na Pepper akanipeleka mlangoni kupokea malalamiko. Kisha akaanza kugombana na mimi. Nguo, simu, saa za kurudi, yote ambayo msichana wa umri wake hugombania na mamake. Mwanzo niliumia. Mume wangu ndiye aliyenifumbua macho: zamani angethubutu vipi? Nani anaweza kumnunia mtu ambaye kesho saa tatu lazima akamtafsirie hospitalini?

Nami upande wangu niliacha kuomba radhi. Ukimtegemea mtu kwa kila sauti, siku yako inajaa samahani na asante, na kila asante inapunguza kitu. Kwa Pepper hakuna deni. Amegusa, ameongoza, amekula, tumemalizana. Na katika maisha yake yote hajapata kuniambia baadaye.

Barabarani ni habari nyingine. Anapokuwa kazini huvaa kikoti cha rangi ya damu ya mzee, chenye maandishi, na kikoti hicho kimenisaidia pengine kuliko masikio yake. Uziwi hauonekani. Kabla yake, mtu akiniambia "niwie radhi" dukani nami nisigeuke, nilikuwa mjeuri. Mwanamke mwenye mtandio asiyejibu, kila mtu ana tafsiri yake. Sasa wanakiona kikoti, wanakuja mbele yangu, wanainua uso, wanasema taratibu. Kliniki, ambako zamani niliweza kukaa mpaka nikapitwa na zamu yangu kwa sababu jina liliitwa hewani, karani anatoka nyuma ya dirisha na kuja kunipungia mkono. Halafu kuna mambo ambayo Pepper hakufundishwa na mtu yeyote. Tukitembea namtazama kichwa. Masikio yakirudi nyuma na shingo ikigeuka kushoto, kuna baiskeli inakuja kushoto. Sijui yeye anajua kwamba ananiambia. Nadhani hajui.

Wenye kutaka ushahidi usio wangu wapo watafiti wa Chuo Kikuu cha York, waliowalinganisha viziwi waliokwisha kupewa mbwa na wenzao waliokuwa bado wanasubiri, wakachapisha matokeo mwaka 2021: waliopewa walikuwa na hali bora ya akili na moyo. Naamini. Ila nasema wazi kwamba mbwa si dawa ya kila kiziwi. Januari asubuhi, giza na mvua ya mawe, lazima atolewe. Kinyesi chake lazima kiokotwe, na wewe ndiye mwokotaji, na mfuko wa plastiki mkononi mbele ya majirani. Hawezi kuachwa peke yake siku nzima, kwa hiyo kazi za kutwa zinahitaji mwajiri mwenye kuelewa. Na kwetu sisi kuna gharama ya ziada. Shangazi wa mume wangu akija huketi na miguu juu ya kochi, kanga imekusanywa, tangu anapoingia mpaka anapotoka. Wengine hawaji tena kabisa. Nimewafungulia mlango, lakini sitamfungia Pepper nje ili wapite.

Kisa cha teksi nimekisimulia mara nyingi na kila mara nagawa watu pande mbili. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inamlazimu dereva wa teksi kumpakia mbwa wa msaada bila kudai nauli ya ziada. Mwenye pumu au mzio anaweza kupata cheti cha kuachiliwa. Sababu ni ya afya tu. Jioni moja ya mvua nilikuwa natoka kliniki, gari likaja, na dereva alikuwa mtu wa kwetu. Nilimjua kwa kofia ya vito kabla hajafungua mdomo. Akasema, nami nikamsoma vizuri maana alisema Kiswahili: "Dada yangu, nisamehe, mbwa siwezi, nina sala." Ile hoja yangu nzuri ya kikavu kwa kikavu haikunifaa kitu, Pepper alikuwa analowa chapachapa. Nikamwonyesha taulo. Nikamwambia nitampakata juu ya taulo, hatagusa kiti. Akatikisa kichwa, akaondoka, tukabaki pale kwenye mvua.

Nilimripoti kwa wanaotoa leseni. Mume wangu alikasirika, wiki nzima hatukuwa sawa: mtu wa kwetu, ana watoto, unampeleka serikalini? Mimi nikamwambia yule bwana aliyasoma masharti alipoweka sahihi yake, na kwamba laiti ningekuwa na mtoto mchanga mkononi angeniacha vilevile. Alipewa onyo. Mpaka leo naona nilifanya sawa. Lakini mke wake tukikutana harusini ananipita, na sitasema kwamba hainiumi.

Mombasa huwa siendi naye. Hati za usafiri, chanjo na vipimo vya kichaa cha mbwa, joto, na mamangu, ambaye ndiye kikwazo kikubwa kuliko vyote vitatu. Pepper hubaki kwa mtu wa kujitolea nami narudi katika hali ya zamani. Mtu anapiga hodi mlangoni, naendelea kuchambua mchele. Wapwa zangu wanakimbia, wananivuta kanga, wanapaza sauti sikioni wakidhani nitasikia. Wana upendo, na baada ya siku chache wanachoka, nawaona wanavyotazamana nani aende.

Pale nyumbani nina binamu aliyezaliwa kiziwi, alisoma Shule ya Viziwi ya Ziwani. Zamani, nikiwa nasikia, tulikuwa tunasalimiana kwa mikono na kucheka, basi. Sasa ndiye ninayemtafuta kwanza nikishuka. Ananifundisha ishara, ananicheka kwamba mikono yangu ina lafudhi ya kizungu, kwa kuwa ishara za Uingereza na za Kenya haziendani. Ana marafiki, ana kazi ya useremala, ana gumzo la viziwi wenzake kila Ijumaa jioni, na Katiba ya 2010 imeitaja Lugha ya Ishara ya Kenya. Hilo humkumbusha kila mtu anayemwita bubu. Nilimwonyesha video za Pepper. Aliziangalia zote. Kisha akaniambia kwa mikono kwamba yeye hana haja: mbwa wa hapa angemfukuza mgeni kabla hajagonga, na zaidi ya hayo, ana paka. Sikuelewa. Akanitoa nje barazani, akanionyesha paka wanne watano wa Mji wa Kale wamejilaza kwenye kivuli. Tukakaa. Mara wote wakageuza vichwa upande wa uchochoro, na punde akatokea muuza kahawa na dele lake, ambaye kwa hakika alikuwa anagonganisha vikombe njia nzima. Binamu yangu hufanya hivyo tangu mdogo. Hakuna aliyemfundisha, na hawa hawahitaji chanjo ya safari wala taulo.

Nakubali. Lakini yeye amezaliwa ndani ya ukimya, ameujengea nyumba. Mimi niliingizwa ukubwani, na watoto wangu wakaingizwa nami.

Sasa Pepper anazeeka. Mbwa wa kazi hii wengi hustaafu wakifika miaka kumi hivi, na juzi mkufunzi alipokuja kumpima aliona anachelewa kuinuka, na kengele ya chini hana hakika nayo. Tumeingizwa kwenye orodha ya kutafutiwa mwingine. Kwa kawaida mstaafu anaweza kubaki palepale nyumbani, au kwenda kwa rafiki wa familia. Na hapo tumekwama, kwa sababu ruhusa yote tuliyojengea nyumba hii ilikuwa ya mbwa mwenye kazi. Akistaafu ni mbwa tu. Mume wangu, yule aliyetafuta hoja za kumkataa, ana siku kadhaa yuko kwenye vitabu tena, safari hii anatafuta za kumbakisha, na naona uso wake kwamba hazipati kwa wingi. Jirani yetu, bibi wa Kiingereza anayependa kumtembeza, ameshasema atamchukua, nyumba mbili tu kutoka hapa. Ni jawabu zuri, na nimeshamwambia ndiyo. Mwanangu mdogo hajakubali. Amemwandikia barua pepe imamu bila kutuambia, kurasa mbili. Najua kwa sababu aliiacha kompyuta wazi. Anadai kwamba Pepper bado anasikia redio ya jirani, kwa hiyo bado yuko kazini.